Misitu ya miti ya koni: ni maskini wa mimea au tajiri? Inategemea umesimama wapi ukahesabu

Kuna kitu kilikuwa kinanichanganya kila nikisoma habari za misonobari na ndugu zake. Mmoja anakwambia hii misitu ni maskini, miti ya aina mbili tatu imejipanga kama askari wa gwaride, chini sindano kavu tu, basi. Unafungua kwingine unakuta mtu anaapa kwamba humohumo ndimo mlimojaa mimea kuliko sehemu nyingi za dunia nje ya tropiki. Sasa yupi muongo? Hakuna muongo hapo, wote wawili wamehesabu vizuri, ila hawakuhesabu kitu kimoja. Ebu tuifumue taratibu, manake ukishaishika ni tamu kweli.

Kwanza tuelewane ni msitu gani. Miti ya koni ni ile isiyotoa maua, mbegu zake zinakaa kwenye koni, yale makokwa ya magambamagamba, na majani ya mingi yake ni sindano au magamba madogo. Misonobari, mierezi, miberoshi, sekwoya, wote ukoo mmoja. (Mvinje haumo, kwa taarifa yako. Unafanana na msonobari mpaka unadanganya watu, una hadi vikoni, lakini ni mti wa maua kabisa.) Spishi za ukoo huu duniani kote ni kama 600 na ushee, wakati mimea ya maua inapita 300,000. Yaani ni ukoo mdogo sana, ila umeshika ardhi kubwa ajabu.

Na siongelei taiga, ule msitu wa kaskazini kabisa unaopita Urusi na Kanada. Naongelea ukanda wa wastani ulio chini yake: pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini kuanzia California mpaka Alaska, kusini mashariki mwa Marekani, Alps, Caucasus, Himalaya, Japani, halafu ukivuka upande wa pili wa ikweta, kusini mwa Chile na New Zealand. Huko baridi ipo lakini haiui kila kitu, na miti inapata muda wa kuzeeka hasa. Kuna alerce mmoja, mti wa koni wa Chile, ambao pete za shina lake, moja kwa kila mwaka, zilihesabiwa zikafika 3,622.

Ukijiuliza mbona huko miti ya majani mapana haijachukua nafasi, jibu linalotajwa sana ni la watafiti Waring na Franklin, waliloandika 1979 kuhusu kaskazini magharibi mwa Marekani. Mvua kule inanyesha msimu wa baridi, kiangazi ni kikavu. Mti unaopukutisha majani unakuwa umelala wakati maji yapo, unaamka wakati maji yanaisha, hasara tupu. Mti wa sindano haupukutishi yote kwa mpigo, kwa hiyo kuanzia vuli mpaka masika siku yoyote isiyo na barafu unapika chakula, kiangazi kikikaza unabana vitundu vya majani unatulia. Pwani ya California wana na mbinu ya ziada, ukungu. Sindano za sekwoya zinaunasa, matone mengine yanaingia moja kwa moja kwenye jani, mengine yanadondoka chini yanalowesha udongo, na vimea vya chini navyo vinaishi kwa matone hayohayo. Mtafiti Todd Dawson alipima akachapisha 1998 kwamba kama theluthi ya maji yote yanayoingia kwenye msitu ule kwa mwaka yanatoka kwenye ukungu. Ndiyo jeuri ya Hyperion hiyo, sekwoya ya mita 115 na kitu iliyopatikana 2006, mti mrefu kuliko wote unaojulikana.

Haya, turudi kwenye kuhesabu, maana hapo ndipo fundo lilipo.

Kwenye mpaka wa Oregon na California kuna milima inaitwa Siskiyou. Mwanaikolojia Robert Whittaker aliizunguka akipima mimea, kazi ikachapishwa 1960, na alichokuja nacho ni kwamba "wingi wa mimea" ni maswali matatu yamevaa jina moja. La kwanza, hapa niliposimama, kipande hiki kidogo, kuna spishi ngapi? Akaita alfa. La pili, nikihamia mteremko wa pili, au kwenye mwamba wa aina nyingine, au nikapanda juu zaidi, ile orodha yangu inabadilika kiasi gani? Hiyo beta. La tatu, nikijumlisha eneo zima napata ngapi? Gama. Leo wanaikolojia dunia nzima wanayatumia hayo majina, na yalizaliwa kwenye milima ya miti ya koni, kitu ambacho mimi kinanichekesha kwa msitu unaoambiwa hauna kitu.

Siskiyou na milima ya jirani yake ya Klamath ni mfano mzuri kwa sababu utajiri wake mkubwa uko kwenye beta. Eneo zima lina spishi kama 3,500 za mimea, na miti ya koni peke yake inakaribia aina 30, kuna bonde moja ambalo ndani ya maili moja ya mraba wamehesabu zaidi ya 15. Lakini simama sehemu moja tu uangalie, unaweza ukaona kawaida sana. Ni kama nyumba ambayo kila chumba kina vitu vichache, ila vyumba ni vingi na hakuna viwili vinavyofanana. Kinacholeta vyumba ni mwamba. Hatua chache tu unatoka kwenye udongo wa kawaida unaingia kwenye mwamba unaoitwa sapentini, umejaa magnesiamu na nikeli, kalsiamu kiduchu, mimea mingi ikigusa pale inadumaa au inakufa kabisa, na inayobaki ni ile sugu ambayo kwingine ungeikosa. Kwenye chemchemi za mwamba huo kuna mmea unaitwa Darlingtonia, umesimama kama nyoka kobra aliyetanua shingo, mdudu akiingia mdomoni haoni njia ya kutokea anaishia kuwa mbolea, kwa sababu udongo wenyewe hauna naitrojeni ya kumtosha. Juu ya hayo barafu kuu za zamani hazikuifunika milima ile yote, kwa hiyo mimea iliyofukuzwa kwingine ilijificha pale ikabaki. Kuna mti wa koni aina ya sprusi, Picea breweriana, matawi yananing'inia kama nywele zilizolowa, porini unaupata kwenye hiyo milima tu.

Sasa nenda upande wa pili wa nchi hiyohiyo, kusini mashariki, ukute kinyume chake kabisa. Juu kuna miti ya aina moja tu, msonobari wa majani marefu (sindano zake zinaweza kufika sentimita 45), imesimama mbalimbali, jua linapita mpaka chini. Ukihesabu miti unasema maskini huyu. Sasa chukua fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, iweke chini, upige magoti. Kwenye maeneo yaliyotunzwa vizuri zinahesabika spishi zaidi ya 40 ndani ya hiyo fremu. Arobaini, kwenye mita moja ya mraba! Kuna nyasi ngumu nyembamba kama waya, katikati ya mashina yake kuna mimea ya jamii ya kunde, ndugu za alizeti, okidi zisizozidi kidole, na penye unyevu mimea inayokula wadudu, ikiwemo ule maarufu wa kubana kama mtego, Dionaea, ambao asili yake duniani kote ni kieneo cha pwani za North na South Carolina, basi, hakuna kwingine. Alfa ya pale inashindana na mbuga za nyasi tajiri kuliko zote duniani.

Na kinachofanya yote hayo yawezekane ni moto. Moto mdogo wa nyasi, unapita kila mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, zamani ulianzishwa na radi na wenyeji asilia waliokuwa wanachoma makusudi. Usipopita, mialoni na vichaka vinapanda, sindano kavu zinarundikana kama godoro, jua halifiki, na vile vimea arobaini vinaanza kukatika kimoja kimoja. Mtoto wa msonobari wenyewe kajipanga kwa moto kwa namna ambayo mara ya kwanza kusoma nilirudia mara mbili. Miaka yake ya mwanzo hataki kabisa kurefuka, anakaa chini kama kichaka cha nyasi, na asiyejua anakanyaga tu akidhani ni nyasi kweli. Kumbe chini anashusha mzizi mrefu anaweka akiba, na kile chipukizi cha katikati kimezungukwa na sindano ndefu zenye unyevu, moto ukipita unaunguza sindano za nje chipukizi kinapona. Akishashiba akiba anapaa ghafla ili ncha yake ivuke usawa wa moto upesi iwezekanavyo. Msitu huu zamani ulifunika kama hekta milioni 36. Ulipokatwa, ukalimwa, halafu moto ukazimwa kwa juhudi, ukabaki kama asilimia 3 tu.

Sawa, hiyo ni misitu yenye jua. Ile minene, ya miti mikubwa ya koni inayoitwa Douglas na hemloki, ambayo mchana inakuwa kama jioni? Hapo alfa inashuka kweli, sikatai, mimea inayotaka jua haipo. Lakini giza nalo lina watu wake. Kuna mmea unaitwa Monotropa, mweupe pee kuanzia shina mpaka ua, kama umetengenezwa kwa nta, kichwa umeinamisha. Hauna klorofili hata chembe, haupiki chakula. Unakula kwa kuvu, na kuvu yenyewe inakula kwa mti, kwa sababu nyuzi zake zimeungana na mizizi ya mti wanabadilishana, mti unatoa sukari kuvu inaleta maji na madini. Monotropa anaingia katikati anachukua wala haleti chochote kinachojulikana. Na ni mchaguzi, anataka kuvu za jamii ya Russula. Ndugu yake Allotropa, mwenye mistari myekundu na myeupe kama pipi ya kijiti, yeye anashikamana na uyoga wa matsutake, na wachumaji wa uyoga huo wanajua kabisa, wakimuona wanaanza kupapasa chini hapohapo. Wa tatu, Sarcodes, anachomoza mwekundu kama damu pembeni ya theluji inayoyeyuka kule milima ya Sierra Nevada, California.

Hapa lazima nitaje stori ya "miti inaongea" maana najua mtu atauliza. 1997 mtafiti Suzanne Simard na wenzake walionyesha kwamba kaboni inahama kati ya miche ya betula (birch kwa Kiingereza) na ya Douglas msituni, na toka hapo watu wakaongeza chumvi mpaka ikawa miti mama inalea watoto na kutumiana meseji. 2023 Justine Karst na wenzake wawili wakapitia ushahidi wote wakasema madai mengi yamekimbia mbele ya vipimo vya porini. Mimi nipo nao, kwanza hatuhitaji chumvi. Monotropa akiwa hai mbele yako bila jani la kijani, hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kwamba chini kuna kitu kinapita.

Kwenye kivuli hichohicho kuna mti mfupi, mpole, wa yuu wa Pasifiki. Wakata miti walikuwa wanauona takataka, wakishavuna ile mikubwa yuu unaachwa kwenye rundo la matawi unachomwa moto. 1962 mtaalamu wa mimea Arthur Barclay alichukua sampuli zake jimbo la Washington kwa ajili ya mradi wa serikali wa kutafuta dawa za kansa, Wall na Wani wakaja kuchapisha muundo wa kemikali iliyokuwamo kwenye ganda lake 1971, na 1992 ikaruhusiwa Marekani kama dawa ya kansa ya ovari, ndiyo paklitaxeli. Tatizo likawa kwamba ukimenya ganda mti unakufa, na yuu unakua polepole kupita maelezo, kwa hiyo wakemia wakahangaika mpaka wakapata njia ya kuanzia kwenye sindano za yuu wa Ulaya, ambazo ukizikata zinaota tena. Ungehesabu msitu ule kwa macho ya mbao tu, huo mti usingeingia hata kwenye orodha.

Halafu kuna juu, ambako muda mrefu hakuna aliyehangaika kupanda. Msitu wa Hoh, jimbo hilohilo la Washington, unapata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na kila tawi limevaa mosi, yale majani laini ya kijani kama zulia lililolowa, na juu ya mosi kuna kangaga zimeota. Mwanaikolojia Nalini Nadkarni alipanda kwa kamba akapima, akakuta uzito wa hivyo vitu vinavyoota juu ya mti unaweza kufika mara nne ya uzito wa majani ya mti wenyewe. Akabandua zulia moja kwenye tawi, chini yake akakuta udongo, udongo kabisa, uliotokana na mosi iliyooza miaka na miaka. Na ndani ya ule udongo mizizi. Akaifuata akidhani ni ya kangaga, kumbe ni ya mti wenyewe, hasa mimepo ya majani mapana iliyochanganyika humo na miti ya koni, umetoa mizizi mingine kwenye matawi yake, unakula mbolea iliyotengenezwa mgongoni mwake. Hiyo ilichapishwa 1981. Kwenye sekwoya za California vilevile, juu kabisa kwenye matawi mapana kuna bustani za kangaga na vichaka vya matunda pori, salamanda wanaishi humo, na miti mingine imeota juu ya mti. Ukihesabu ukiwa umesimama chini hivyo vyote vinakupita.

Humo juu kuna pia laikeni, ambayo si mmea kamili, ni kuvu inayoishi na mwani, lakini siwezi kuiacha. Ile ya Lobaria inavuta naitrojeni kutoka hewani, upepo ukiiangusha inatua chini kama majani ya saladi yaliyochanika, inaoza, inalisha udongo. Ila haijai kwenye msitu mchanga, inataka uzee wa karne na zaidi.

Magogo nayo usiyapite. Mche wa hemloki au sprusi ukiota chini kwenye mosi nene unasongwa, ukiota juu ya gogo lililooza unapona, kwa hiyo gogo moja linakuwa kitalu cha miche mamia. Miaka mingi baadaye gogo limeisha kabisa, unakuta miti mikubwa imesimama kwenye mstari ulionyooka, mizizi imepanda juu kama miguu ya meza, chini yake uwazi pale gogo lilipokuwa. Watu wanadhani kuna mtu aliipanda.

Kuna hesabu moja Whittaker hakuipa herufi, nayo ni mimea ambayo ipo lakini haionekani, imelala ardhini. Ceanothus, kichaka cha maua ya bluu au meupe, mbegu zake zinakaa kwenye udongo wa msitu miongo na miongo, ganda gumu, haziachii. Moto ukipita joto linalipasua ganda, mvua ikija zinaota kwa wingi, na mizizi yake ina vijidudu vinavyorudisha naitrojeni iliyoungua. Ndiyo maana miaka michache baada ya moto wa kawaida mara nyingi unakuta spishi nyingi kuliko kabla. Sekwoya kubwa za Sierra Nevada (ndugu za zile za pwani, si zilezile) hivyohivyo, joto linakausha koni zinamwaga mbegu kwenye udongo uliosafishwa. Lakini 1935 idara ya misitu ya Marekani ikaweka sera kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake, ikafuatwa miongo kadhaa, kuni zikarundikana, na moto wa siku hizi unaokuja na ukame juu yake si ule mdogo tena. Miaka miwili tu, 2020 na 2021, inakadiriwa sekwoya kubwa kati ya asilimia 13 na 19 zilikufa, miti iliyozoea moto zaidi ya miaka elfu.

Na hapa naomba tutofautishe msitu na shamba la miti, manake mkanganyiko mwingi unaanzia hapa. Ukimuonyesha mtu safu za msonobari mmoja, umri mmoja, zimebanana, akasema hapa hakuna mimea, yuko sahihi, ila hajauona msitu. Japani baada ya vita vya pili ilipanda sugi na hinoki, miti yake ya koni ya mbao, kwa fujo, mashamba ya miti yakafika kama hekta milioni 10, asilimia 40 hivi ya misitu yake yote. Mbao za nje zikaja kwa bei rahisi, mengi yakaachwa bila kupunguzwa, giza likaingia, chini pakabaki udongo mtupu unaosombwa na mvua, na kila masika chavua ya sugi inawapigisha watu chafya nchi nzima.

Wanaojaribu kurudisha ule msitu wa majani marefu wamelijua hili kwa jasho. Kupanda misonobari si kazi, unanunua miche unachimba mashimo. Shida ni chini. Zile nyasi za waya ardhi ikishalimwa hazirudi zenyewe kirahisi, na hata zilipobaki hazitoi mbegu za maana mpaka zichomwe, tena zichomwe msimu wa kukua, moto wa wakati wa baridi hauzishtui sana. Kwa hiyo mtu anayetaka mbegu za kupanda kwenye kipande kipya anaanza kwa kuchoma kipande cha zamani mwanzoni mwa kiangazi, anasubiri vuli nyasi zitoe mashuke, ndipo anaenda kuvuna.